Karatasi Ambayo Haikuandikwa

Mhadhara mbele ya familia za Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani

Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mtaingia zamu ya usiku mkitoka hapa. Kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Kazi yangu ni kutafsiri. Naletewa vyeti vya kuzaliwa, hukumu za talaka, barua za shule, nami navigeuza kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na kutia sahihi kwamba tafsiri ni kamili. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la shule, zimeandikwa kwa kalamu ya buluu. Mwandishi alikuwa Kenya. Aliyeandikwa habari zake alikuwa mdogo wake wa kike, aliyevaa sare za jeshi la Marekani kwa miaka minne kisha akatoka. Nitabadilisha mambo machache nisije nikamfichua mtu, lakini habari zenyewe zilikuwa hivi. Zamani mdogo wake alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na kama mama yuko shambani alingoja mpaka arudi. Tangu Agosti ya mwaka ule simu zikakoma. Pesa zilizokuwa zikiingia kwenye M-Pesa ya mama kila mwisho wa mwezi zikawa mara zipo, mara hazipo, kisha zikaja nyingi kupita kiasi kwa siku mbili mfululizo, kama za mtu anayegawa mali yake. Alipokuja likizo Desemba hakutaka kulala chumba kimoja na binamu zake. Alilala sebuleni, taa ikiwaka, viatu miguuni.

Viatu miguuni. Niliposoma maneno hayo niliweka kalamu chini.

Dada huyu hakujua kwamba ameandika ushahidi. Alidhani anamwombea mdogo wake huruma kwa serikali ya watu. Nami, nakiri, siku ile sikujua vizuri nilichoshika mkononi, na kutojua kwangu kulimgharimu mtu. Nitafika huko.

Marekani ina jina la kisheria kwa jambo lililompata binti yule: kiwewe cha kingono cha jeshini. Hufupishwa kwa herufi tatu, MST. Ndani yake mna kubakwa, kushambuliwa kingono kwa namna nyingine, na kusumbuliwa kingono kwa vitisho akiwa kazini. Sheria ya mwaka 1992 ndiyo iliyoiruhusu Wizara ya Wanajeshi Wastaafu, ile ambayo kila mtu hapa anaiita VA, kuwapa manusura ushauri nasaha. Mwanzoni iliwataja wanawake tu. Wanaume waliongezwa mwaka 1994. Katika wale wanaofika hospitali za VA na kuulizwa, mwanamke mmoja kati ya watatu hujibu kwamba limempata, na mwanaume mmoja kati ya hamsini. Kwa kuwa wanaume ni wengi mno jeshini, huyo mmoja kati ya hamsini akijumlishwa anakuwa umati mkubwa. Nasema hivi kwa sababu nawaona wanaume wameketi nyuma pale, na huenda yupo anayedhani mhadhara huu ni wa akina mama.

Tuelewane pia kwamba MST si ugonjwa. Ni tukio. Ugonjwa ni kile kinachofuata: msongo wa baada ya kiwewe, sonona, woga usio na jina, pombe, maumivu ya mwili ambayo daktari hapati chanzo chake. Kutochanganya tukio na ugonjwa kuna maana kubwa, kwa kuwa VA ina milango miwili na kila mmoja una desturi yake.

Mlango wa kwanza ni wa hospitali. Ukiingia ukasema lililokupata, unatibiwa bure kwa hali zote zinazotokana nalo. Hakuna anayekuuliza kama uliripoti, wala huhitaji kuwa umeshapewa asilimia yoyote ya ulemavu. Kila hospitali ya VA ina mratibu wa MST ambaye kazi yake ni hiyo. Mlango wa pili ni wa fidia, na pale kusema hakutoshi. Lazima yathibitike mambo matatu: kwamba una ugonjwa, kwamba tukio lilitokea ukiwa kazini, na kwamba la kwanza limetokana na la pili. Mtu anaweza kutibiwa miaka kumi kwenye jengo moja kwa madhara ya kubakwa, halafu jengo la pili likamwandikia barua kwamba hakuna uthibitisho wa kubakwa kwake. Nimetafsiria familia barua za namna hiyo. Kumweleza mama mzazi maana yake ni kazi ngumu kuliko kutafsiri.

Sasa fikirini juu ya tukio lenyewe. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikadiria kwamba mwaka 2023 wanajeshi wapatao 29,000 walikumbwa na mguso wa kingono wasioutaka, na karibu mmoja tu kati ya wanne aliripoti. Hiyo ni 2023, baada ya kashfa na tume za uchunguzi za miaka 30. Mwaka 1991, kwenye mkutano wa marubani wa jeshi la majini uliofanyika Las Vegas na unaojulikana kwa jina la Tailhook, wanawake 83 na wanaume 7 walisema walishambuliwa katika korido za hoteli, na ilibidi luteni mmoja, Paula Coughlin, ajitokeze mbele ya taifa zima ndipo jambo lichukuliwe kwa uzito. Ukiwa askari wa miaka 19 kambini, wa kumripotia alikuwa kamanda wako, na mara nyingi kamanda alimjua mshambuliaji kuliko alivyokujua wewe. Njia ya kuripoti kwa siri, ili upate matibabu bila uchunguzi kufunguliwa, ilianza mwaka 2005. Aliyetendewa mwaka 1978 angepeleka wapi neno lake? Na mahakamani ni vigumu kwenda: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Feres mwaka 1950, kwa kawaida askari hawezi kuidai serikali fidia kwa madhara yaliyompata katika utumishi. Hiyo fidia ya ulemavu ndiyo karibu mlango pekee uliobaki.

Kwa watu wetu kuna tanzi la ziada. Wengi waliingia jeshini wakiwa na green card. Wengine waliingia kwa mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2008 ukawachukua wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo. Walichokifuata ni uraia. Na uraia unaopatikana kwa njia ya jeshi unaweza kufutwa iwapo mtu atatolewa kwa kashfa kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Mtu mwenye tanzi hilo shingoni, ambaye ada ya shule ya wadogo zake inatoka kwenye mshahara wake, hatakwenda kumshtaki sajenti wake. Atanyamaza, ataomba uhamisho, na uhamisho ukikataliwa ataanza kuchelewa gwarideni.

Shikeni neno hilo: ataomba uhamisho.

Mwaka 2002 VA ilitunga kanuni ambayo kwangu mimi ni moja ya maandishi yenye busara yaliyowahi kutoka katika ofisi ya serikali. Inakubali kwamba mtu aliyeshambuliwa huenda hana ripoti, na inaelekeza pa kutafuta badala yake. Kumbukumbu za polisi na za vituo vya kuwasaidia waliobakwa. Kipimo cha mimba, au cha magonjwa ya zinaa. Maneno ya ndugu, ya mliyelala naye chumba kimoja, ya askari mwenzako, ya mchungaji au kasisi. Kisha inataja mabadiliko ya mwenendo: kuomba kuhamishwa kikosi, kazi kuharibika ghafla kwa mtu aliyekuwa hodari, ulevi, hofu na huzuni zisizo na sababu inayoonekana, na mabadiliko yasiyoelezeka katika mambo ya fedha au ya kuishi na watu. Wafanyakazi wa madai huziita alama. Na VA hairuhusiwi kulikataa dai la namna hii kabla ya kumjulisha mhusika kwamba anaweza kuleta ushahidi wa aina hiyo.

Rudini kwenye zile karatasi mbili za daftari. Mabadiliko ya fedha yasiyoelezeka: M-Pesa ya mama. Mabadiliko ya kuishi na watu: simu za Jumapili. Hofu isiyo na sababu: viatu miguuni, taa ikiwaka. Dada yule, bila kumjua mwanasheria hata mmoja, aliandika kanuni ya 2002 kipengele kwa kipengele. Na kila muamala wa M-Pesa una tarehe na saa. Kambini hakuna karatasi iliyoandikwa usiku ule. Katika simu ya mama yake, kilomita elfu kumi na zaidi kutoka hapo, mstari wa mwezi kwa mwezi unakatika palepale katika Agosti.

Basi kama kanuni ni nzuri hivyo, ugonjwa uko wapi? Uko kwenye usomaji. Mkaguzi Mkuu wa VA alichunguza madai ya msongo wa baada ya kiwewe yanayohusu MST yaliyokataliwa kati ya Aprili na Septemba 2017. Katika madai 2,700 hivi, alikadiria kwamba 1,300 hayakushughulikiwa ipasavyo. Karibu nusu. Kosa lililoongoza lilikuwa hili: ushahidi uliokuwamo ndani ya faili ulitosha kumpeleka mtu kwa mtaalamu akapimwe, na hakupelekwa. Alama zilikuwamo, aliyepewa faili hakuziona, au aliziona asijue ni nini. Mkaguzi alirudi, na mwaka 2021 akatoa taarifa kwamba kosa limefikia asilimia 57 ya madai yaliyokataliwa. Baada ya kuonywa, hali ilizidi kuwa mbaya. Tangu kabla ya taarifa ya kwanza, madai yalikuwa yamekoma kushughulikiwa na vikosi maalumu vya wafanyakazi. Yaligawanywa kwa foleni ya kitaifa, na mfanyakazi aliyezoea madai ya magoti na masikio akakutana na faili la MST mara moja moja.

Lilinganisheni na jambo lingine. Julai 2010 VA ililegeza masharti kwa askari ambaye kiwewe chake kinatokana na kuhofia adui au magaidi. Kauli yake mwenyewe, ikiwa inalingana na mahali na mazingira ya utumishi wake, na mtaalamu wa akili wa VA akiridhika, inatosha kuthibitisha tukio. Ni kanuni ya haki. Siwaonei wivu askari wa Iraki na Afghanistan. Lakini aliyehofia adui nje ya seng'enge anaaminiwa kwa kauli yake, na aliyeshambuliwa na mwenzake ndani ya seng'enge ileile anatakiwa kuleta alama. Wabunge wa Marekani wamewahi kupeleka miswada ya kusawazisha jambo hili. Naunga mkono usawazishaji huo kwa moyo wangu wote.

Mahakama nayo imesema neno. Mwaka 2013, katika kesi ya wanawake wawili waliotajwa kwa herufi tu, AZ na AY, Mahakama ya Rufaa ya Federali iliamua kwamba kukosekana kwa ripoti ya shambulio ambalo halikuripotiwa hakuwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba shambulio halikutokea. Lisomeni taratibu. Kwa miaka mingi maofisa walikuwa wakiandika: faili lake la jeshini halitaji shambulio lolote, kwa hiyo. Mahakama iliikata ile “kwa hiyo”. Kama wengi hawaripoti, kimya cha faili hakisemi chochote, upande huu wala ule. Kuna pia faili zisizokuwapo kabisa: moto wa Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza mamilioni ya kumbukumbu za watu walioacha jeshi la nchi kavu na la anga kabla ya miaka ya sitini na kitu, na bado wapo wazee wanaoulizwa karatasi zilizokwisha kuwa majivu.

Sasa nije kwenye chumba cha upimaji, maana hapo ndipo nina mengi ya kusema.

Madai yakipita mezani, mtu hupelekwa kwa mtaalamu, daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia, ambaye mara nyingi siku hizi ameajiriwa na kampuni yenye mkataba na VA. Hakupi dawa wala ushauri. Anauliza, anajaza fomu, fomu inarudi ofisini, na kutokana nayo inatoka asilimia: sifuri, 10, 30, 50, 70 au 100. Kinachopimwa si ukubwa wa uovu uliotendwa, bali jinsi maradhi yanavyomzuia mtu kufanya kazi na kuishi na wenzake.

Binti yule alipimwa mara mbili, na alinisimulia zote mbili. Mara ya kwanza alikuta kiti kimewekwa mgongo ukielekea mlangoni. Mpimaji alikuwa anachapa kwenye kompyuta, na bila kuinua macho akamwambia: nieleze kilichotokea, tangu mwanzo. Alieleza. Alipofika katikati akakosea siku, akarudi nyuma, akakosea tena. Aliulizwa mbona kwenye fomu aliandika vingine. Baada ya hapo, alisema, aliona mdomo wake unasema lakini yeye yuko pembeni anausikiliza. Wanaotibu viwewe wanajua kwamba kumbukumbu ya kitisho haikai kwenye mstari kama kumbukumbu ya harusi; harufu ya sabuni inabaki wazi miaka 20, tarehe inapotea. Mpimaji asiyejua hilo ataandika kwamba mhusika anajikanganya.

Mara ya pili mpimaji alikuwa mwanamke, kwa ombi la binti. Sheria ya Januari 2021 inampa mdai wa MST haki ya kuchagua mpimaji mwanamke au mwanaume, lakini ni lazima mtu aambiwe kwamba ana haki hiyo. Mama yule mpimaji alisimama alipomwona binti anaingia. Akamwambia: chagua kiti. Akamwambia: nimesoma faili lako lote, najua kilichotokea, sitakuuliza tena isipokuwa pale ambapo fomu inanilazimu, na nikifika hapo nitakuambia kabla. Kisha akamuuliza juu ya wiki iliyopita. Jumanne ulilala saa ngapi? Dukani unakwenda saa ngapi, na kwa nini saa nne usiku? Kwenye basi nani anakaa nyuma yako? Mtu akigonga mlango unafanya nini kwanza? Binti alishangaa, kwa sababu kwa mara ya kwanza majibu yalimtoka yenyewe.

Mama yule hakulegeza sheria yoyote. Alisoma kabla ya kuuliza. Kama ningepewa kubadilisha jambo moja katika mfumo mzima, ningebadilisha hilo: mpimaji alipwe kwa saa za kusoma faili kama anavyolipwa kwa saa za kuhoji. Na asome akitafuta alama, aziandike kwenye maoni yake moja baada ya nyingine, maana tangu mwaka 2011 mahakama hiyohiyo ya rufaa imekubali kwamba maoni ya mtaalamu yenyewe yanaweza kusaidia kuthibitisha kwamba tukio lilitokea. Wapimaji wengi bado wanadhani kazi yao ni kupima maradhi tu.

Jambo la lugha ni letu wenyewe, na hakuna tume ya Washington itakayolitaja. Mswahili akiulizwa habari yako, anajibu nzuri. Msibani anajibu nzuri, ndipo aseme kwamba amefiwa. Hospitalini anasema sijambo, kisha ndiyo aanze kueleza kinachomuuma. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Mpimaji anauliza, umelala vipi siku hizi? Vizuri tu, namshukuru Mungu. Fomu inaandikwa: hana tatizo la usingizi. Nimeona fomu ya kijana wa kiume iliyojaa ukanusho wa namna hiyo, naye anafanya kazi mbili kwa sababu hawezi kuvumilia kukaa nyumbani giza likiingia. Kazi mbili nazo ziliandikwa kuwa dalili ya afya njema. Wapimaji wafundishwe kwamba jibu la kwanza la mtu wa kwetu ni salamu, halijawa jibu. Nasi tufundishane kwamba mbele ya mpimaji, kusema ukweli wa siku mbaya si kulalamika wala kumkufuru Mungu.

Na hapa ndipo nakiri kosa langu. Katika karatasi ya pili dada aliandika: mwishowe aliniambia kwa simu kwamba mkubwa wake kazini alimfanyia tabia mbaya. Kila mtu ukumbini humu anajua maana yake. Mahakimu wa Kenya wanaijua, maana watoto na wanawake wameitamka kizimbani miaka na miaka, pale neno kubaka linapokataa kupita kooni. Mimi pia naijua. Lakini siku ile nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimefundishwa kwamba mtafsiri mwaminifu hafasiri, anatafsiri. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba mkubwa wake alikuwa na mwenendo mbaya kwake. Nikatia sahihi.

Barua ya kukataliwa ilipokuja, ilikuwa na sentensi moja juu ya maneno ya dada: kwamba yanaonyesha kutoelewana kati ya mdai na msimamizi wake. Nilikuwa nimemfuta. Hakuna mtu aliyenilaumu. Binti mwenyewe aliniambia usijali, dada. Ningefurahi kama angenipigia kelele.

Tulitafsiri upya. Safari hii niliyaacha maneno ya dada kama yalivyo, na pembeni nikaandika maelezo ya mtafsiri, aya nzima, kwamba kwa Waswahili wa Kenya msemo huu hutumika kwa tendo la ngono la kulazimishwa. Dai likarudi kama dai la nyongeza, maana ushahidi mpya unalifungua tena. Safari hii walimtuma kwa mpimaji mwingine, na huyo ndiye mama aliyesimama.

Naomba msiondoke mkidhani hadithi ya binti mmoja ni mfumo mzima. Mengine yamesogea. Sheria hiyohiyo ya Januari 2021 iliagiza madai ya MST yashughulikiwe na vikosi vilivyofunzwa, visitawanywe ovyo, na hilo ni jema. Sehemu hiyo ya sheria ina jina la Deborah Sampson, aliyejifanya mwanaume akapigana vita vya uhuru wa Marekani, kisha akahangaika miaka mingi kupata malipo ya ulemavu wa vitani. Mwaka 1804 mtu mmoja mashuhuri wa Boston, Paul Revere, aliuliza habari zake, kisha akamwandikia mbunge barua ya kumtetea. Mwaka 1805 akaingizwa kwenye orodha ya wanaolipwa. Barua ya mtu anayemjua: miaka zaidi ya 200 iliyopita huo ulikuwa ushahidi uliosomwa.

Lakini vikosi peke yake havitoshi ikiwa vinapimwa kwa idadi ya mafaili yanayofungwa kwa wiki. Faili la alama halisomeki kwa haraka. Linataka mtu aweke tathmini za kazi za miaka mitatu mezani na kuona kwamba askari aliyekuwa akisifiwa hadi Julai, kuanzia Septemba anaandikiwa onyo. Linataka aliyekataa dai apitiwe na jicho la pili kabla barua haijatumwa, si baada ya Mkaguzi Mkuu kuja miaka minne baadaye. Waliokataliwa katika miaka ile ya makosa watafutwe mmoja mmoja, kwa simu, na mtu anayejua anachokisema; kuwaandikia barua wakaombe upya ni kuwabebesha mzigo wa kosa ambalo si lao. Na sheria inasema kwamba ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, mdai ndiye apewe. Hiyo ni sheria, si hisani, na inapaswa kusikika ndani ya kila barua.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nawaomba tuitumie methali hii kwa tahadhari. Mara nyingi manusura hakuficha. Alionyesha, kwa simu zilizokoma, kwa pesa zilizokatika, kwa taa ya sebuleni, na waliomzunguka hawakujua kusoma. Kwa hiyo ninyi mama, ninyi kaka mlioko hapa, mkiombwa kauli, msiandike kwamba ni mtoto mzuri na mcha Mungu. Andikeni mlichokiona kwa macho: mwezi gani, alikaa wapi, aliacha kufanya nini. Tafuteni miamala. Msifute ujumbe wa WhatsApp wa miaka ile hata kama simu imejaa, hamisheni kwanza. Andikeni kwa lugha mnayoiota, Kiswahili, Kiluhya, Kichaga, Kinyarwanda, kisha itafutiwe mtafsiri.

Juzi yule dada wa Kenya alinipigia. Alikuwa ameombwa kauli nyingine, fupi, juu ya hali ya mdogo wake sasa. Aliniuliza kama lile neno alilotumia zamani lilikuwa kosa, na kama sasa aandike lile jingine, lile gumu, maana alisema anaweza kulijaribu. Nikamwambia aandike kama walivyozungumza wao wawili kwenye simu siku ile, na mengine aniachie mimi.